Mama Pua na Mashine Iliyosema "Umenuna"

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa umeme aliyeifundisha mashine kuonja mvinyo. Kazini walimwita Mama Pua.

Mumewe alikuwa mwonjaji wa kiwanda cha mvinyo walichofanyia kazi wote wawili. Akinusa glasi tu, anakuambia: "Huu umenuna," au, "Huu umechangamka." Wenzake walimcheka, lakini hakuwa akikosea. Kisha mafua makali yakamwondolea uwezo wa kunusa, moja kwa moja. Mwonjaji asiyenusa ana kazi gani? Meneja akasema wazi, atafutwe mwingine.

Mama Pua hakukubali. Akaunganisha vihisi, vidude vidogo vinavyonasa harufu na ladha, akavifundisha kwa chupa zile zile alizokwisha kuzionja mumewe. Hata majibu aliyaweka kwa maneno ya mumewe. Mvinyo ukiwa na kasoro, kioo cha mashine kinaandika: UMENUNA.

"Mwalimu wa mashine ni baba," binti yao ametuambia. "Mama alitia nyaya tu."

Siku ya majaribio, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa kizaazaa. Meneja aliingia amejimwagia manukato utadhani anakwenda kuposa. Ukawekwa mvinyo bora kuliko yote. UMENUNA. Ukarudiwa. UMENUNA.

"Mashine inaniambia mimi?" meneja akauliza.

"Hapana bosi, inausema mvinyo," akajibu Mama Pua. "Ila aliyeununisha ni wewe. Hebu tupishe kidogo."

Meneja akatoka. Madirisha yakafunguliwa. UMECHANGAMKA. Mume, mashine ikimnusia, akabaki na kazi yake hadi kustaafu.

Mama Pua aliyapenda manukato, lakini kwa ajili ya vihisi hakuyagusa. Alipostaafu ndipo akajinunulia chupa, akajipaka bila huruma. Kila asubuhi alimchokoza mumewe: "Mume wangu, nanukiaje?"

"Kaulize mashine yako," naye alijibu, wakacheka.

Baada ya mazishi ya Mama Pua, mzee alibeba mtandio wa mkewe, uliojaa manukato yale, hadi kiwandani. Akaulaza chini ya vihisi. Kioo kikaandika: UMENUNA.

Binti akataka kuizima mashine. Mzee akamshika mkono. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Iache, mwanangu. Hapo mama yako ananiambia mimi."

Mzee wetu, binti, wajukuu na mafundi wote wa kiwanda, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi wenye pua nzima, leo tukifika nyumbani tumsogelee mtu wetu, tumwambie ananukiaje. Tusimwachie mashine kazi hiyo.