Kichwa Kilichotoka Kulima

— Mia tatu hutoi, Basili?

— Sitoi hata senti. Nilikupa kichwa kizuri, umenirudishia kichwa kilichotoka kulima.

Gidamis, aliyekuwa amepanda kutoka mbuga za Hanang kuuza ndama, aliweka kikombe chini taratibu, akamtazama Basili utosini.

Hapo ni Dongobesh, kwenye benchi la Mama Fabiola muuza kahawa, mkabala na banda langu la kuandika vibao. Mimi ni Tluway, wananiita Brashi. Rangi nimejifundisha mwenyewe na bei yangu ni moja. Basili, tunamwita Spana, ni fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Kichwa tulichogombania kilikuwa pale benchini kati yetu: kichwa cha treni cha mfano, kirefu kama nusu mche wa sabuni. Aliachiwa na mtaalamu wa Kanada aliyemaliza mkataba. Mzungu alimwambia, ukitaka kuanza mchezo huu usikimbilie reli. Anza na kichwa kimoja, kiongezee vikorokoro, halafu kizeeshe kionekane kimefanya kazi. Basili akaniletea mimi nikizeeshe.

— Ngoja, Gidamis akasema. Kilikuwa kipya?

— Kipya, kinang'aa.

— Na anakulipa ukichakaze? akaniuliza.

— Ndiyo mapatano.

— Mimi ndama wangu nimemwosha tangu alfajiri apate bei. Kumbe ningempaka kinyesi.

Joakimu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akajisogeza.

— Hapo ni ushuru. Kitu kipya uwanja wa ndege kinatozwa. Kikiwa na kutu unapita unapiga mluzi.

— Ni jicho baya, Gidamis akasema. Kizuri kinatazamwa mno. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana wamekiwekea magurudumu.

— Basi hamjui kitu, Redio akasema. Hiyo ni mbegu. Ngano si ilikuja kwenye vifuko? Leo shamba unalitazama mpaka macho yanauma. Na hiki wamekiacha hapa kidogo, kikishika udongo...

— Kitaota treni?

— Mimi nasema ninachosikia.

Mama Fabiola alikuwa anamimina huku anasikiliza. Kahawa ikafurika hadi kwenye kanga yake, naye hakuona.

Basili akakiinua kichwa, akakigeuza tumbo juu.

— Angalieni wenyewe. Vishikio vya ngazi vya waya wa breki ya baiskeli, nakubali. Kutu nakubali.

— Nimeikwangua kwenye diski ya plau yako mwenyewe. Masizi ni ya kibatari cha mke wangu, na Philomena hajaninunia kidogo.

— Lakini tope, Brashi. Tope jeusi la mbugani mpaka kwenye ekseli. Na makapi ya ngano mdomoni mwa bomba la moshi. Treni inapita kwenye reli, haioni tope.

— Ulisema kionekane kimefanya kazi. Mashine iliyofanya kazi naijua. Matrekta yako yote yanarudi hivyo.

— Hili si trekta.

— Kwa hiyo?

— Ukafute, upake upya. Bure.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika birika. Mama Fabiola akalivuta upande wake.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa binti mgeni, nesi anayesubiri basi la Mbulu. Jina lake Justina. Alikuwa ametuamkia shikamooni tangu mwanzo, akaendelea kutusikiliza.

— Samahani, baba, akamwambia Basili. Kwani treni ikichafuka, inachafuka wapi?

Gidamis akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatazama kikombe chake. Sote tukamgeukia Basili, kwa sababu ndiye aliyetusimulia miaka yote alivyopanda treni mpaka Tanga.

— Inachafuka kawaida, akasema.

— Wapi?

— Mbele.

— Na magurudumu?

Basili akakirudisha kichwa benchini. Akakisukuma kidogo kwa kidole, kikajongea, kikadondosha kipande cha tope kikavu.

— Tanga nilikwenda kwa lori, akasema.

— Yesu na Maria, Mama Fabiola akasema. Na yule mkata tiketi mwenye jino la dhahabu?

Gidamis alikuwa amefunika mdomo kwa shuka lake.

— Basi hujui inapochafuka, nikamwambia, na mimi sijui. Kazi uliyoniagiza nimeifanya. Lete mia tatu.