Fermina Calisaya Pacompía na Viazi vya Sabato

Marehemu Fermina Calisaya Pacompía alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1938, kijijini Huancarani, mlimani juu ya ziwa. Hapana, ni 1939. Mwaka 1938 ndipo kanisa lilipoezekwa mabati, na mama yake alizoea kusema Fermina alikuja na mvua ya pili ya mabati yale. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Casiano na mama Tomasa. Kitinda mimba ni Hilario, huyu anayewasomea.

Alisoma shule ya Wasabato hadi darasa la nne, kisha akakabidhiwa kondoo. Alikwenda nao malishoni na Biblia, akiwasomea Zaburi kwa sauti. Alisema hao ndio washirika pekee wasiokohoa. Alibatizwa ziwani mwaka 1955, maji yakiwa baridi hata mchungaji akafupisha sala.

Tarehe 3 Mei 1959 aliolewa na Melitón Ticona, wakakaa kwa mama mkwe, bibi Asunta. Mume na mama mkwe hawakuwa waumini, na bibi Asunta hakuficha.

Sasa habari ya Juni 1966. Melitón alikuwa machimboni kusini. Viazi vya chakula cha mwaka vilikuwa vimetandazwa uwanjani vipigwe na jalidi, ile baridi ya usiku igandishayo, na Ijumaa usiku jalidi likashika sawasawa. Kila mtu hapa anajua: kesho yake ni kuvikanyaga kwa miguu mitupu, maji yatoke, ipatikane chuño, viazi vikavu vya kuweka ghalani. Vikilowa theluji kabla ya hapo, vinaoza. Na kesho yake ilikuwa Sabato, na wingu la theluji lilikuwa limeshakaa mlimani.

"Mkwe, vua viatu," bibi Asunta alimwambia asubuhi ile.

"Leo siwezi, mama. Jua likizama nitakanyaga."

"Likizama utakanyaga uji. Huyo Mungu wako alileta jalidi akasahau ni siku gani?"

"Hakusahau, mama."

"Haya. Rómulo atakula nyimbo."

Rómulo ndiye kifungua mimba wake, alikuwa na miaka sita. Fermina alimshika mkono, wakaenda kanisani pamoja na Hilario. Majirani walikuwa wakikanyaga viazi vyao na kucheka. "Dada Fermina, tuombee na sisi, vidole vinaganda."

Kanisani hakuimba. Alikuwa akitazama dirishani. Theluji ilipoanza, Hilario alimnong'oneza, "Dada, nenda tu. Mungu ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo," akasema. "Mimi ndiye nisiyeelewa nitamtazamaje."

Waliporudi walimkuta bibi Asunta ameketi juu ya jiwe kando ya viazi, shali yake nyeupe kwa theluji. Hapakuwa na kiazi kimoja kilichokanyagwa. Giza lilipoingia, Fermina alivua viatu. Bibi Asunta naye akavua vyake. Wakakanyaga bega kwa bega mpaka miguu ikawavimba.

Vingi vilioza. Vilivyopona viliwafikisha Januari, kisha Rómulo akapelekwa mjini Arequipa kwa shangazi yake apate kula, akakulia huko. Kila Ijumaa, katika sala ya kufungua Sabato, marehemu alimtaja Rómulo, na jina lile alilirudia mara mbili. Lakini hakuna Ijumaa aliyoiacha sala hiyo, na hakukanyaga kiazi siku ya Sabato maisha yake yote. Alilima, alifuma, na alikuwa shemasi wa kanisa hili hadi alipougua.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2012. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2014, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rómulo.

Mumewe alitangulia mwaka 1998. Marehemu ameacha watoto watatu, Rómulo, Eulalia na Wilfredo, wajukuu wanane, na mdogo wake Hilario. Alale salama, mpaka Bwana wake atakapomwita kwa jina.

Bibi Asunta alifariki mwaka 1981, hajabatizwa. Hilario, kila aliporudi kutoka kuuza sufu, alimuuliza jambo moja, naye akageukia jiko. Fermina alipoulizwa alitabasamu tu. Bibi yule hakuwa na Sabato ya kushika, na miguu alikuwa nayo: kwa nini alikaa juu ya jiwe kutwa nzima, akangoja jua lizame?