Bi Kalamu na Swali la Saba

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mshauri wetu wa chumba namba nne atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja kazini, kumi na tisa kati ya hiyo katika kitengo hiki cha tiba ya mazungumzo, kinachohudumia vijana walioanza kuugua akili. Wageni humwita Mshauri. Sisi humwita Bi Kalamu, kwa sababu ya ile kalamu nyekundu anayoichomeka nyuma ya sikio na kisha kuitafuta jengo zima.

Alianza kama muuguzi wa wodi. Kwa kauli yake mwenyewe, alihamishiwa hapa kwa kuwa alikuwa akiongea mno na wagonjwa, dawa zikachelewa kugawiwa. Barua ya uhamisho ilikuwa ya karipio. Ameitia kwenye fremu na kuitundika ukutani.

Mwaka aliofika, kitengo kilikuwa kimepokea kitabu cha mwongozo kilichotafsiriwa kutoka mbali, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kilitaka mgonjwa akae peke yake na mshauri, mlango umefungwa, na kila wiki apewe "kazi ya nyumbani", maana yake aandike mawazo yanayomsumbua. Kijana mmoja alipewa kazi ya nyumbani, akarudi wiki iliyofuata akiwa ameosha vyombo, amefagia ua na kufua mapazia yote. Mama yake alishukuru sana, akaomba tiba hiyo isikatishwe. Bi Kalamu alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi alilikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Nani anasema hivi?" Kwa miaka sita hiyo ndiyo ikawa shughuli yake, kuketi na wagonjwa, mama zao, wajomba zao na mlinzi wa getini, akiwauliza jambo fulani wao hulisemaje.

Lililomtesa zaidi lilikuwa swali la saba katika fomu ya mwongozo huo: "Je, unasikia sauti?" Mlinzi alipojaribiwa alijibu kwa ukali kwamba anasikia vizuri sana, kwani nani kasema yeye ni kiziwi? Wengine walisema ndiyo, wanasikia ya redio. Tulicheka. Lakini kuna binti mmoja aliyejibu hapana, na jibu lake halikuchekesha mtu.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, akijifunza ushonaji. Alikuwa amekonda, hali chakula wala haongei nyumbani. Kwa kuwa alijibu hapana, fomu ilionyesha hana tatizo, akarudishwa nyumbani mara mbili. Kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea, akaamua kwamba ni jeuri tu. Alinunua kufuli ili amfungie chumbani. Alimleta mara ya tatu kwa kuogopa lawama za ukoo, kufuli likiwa tayari mfukoni. Najua lilikuwa mfukoni kwa sababu kaka huyo ni mimi, karani wenu wa masjala.

Mwongozo ulitaka nibaki nje. Bi Kalamu alivuta kiti cha tatu, akaniambia kwa adabu nikae na nifunge mdomo. Hakugusa fomu. Aliongea na mdogo wangu kuhusu mapindo, na kwa nini shati lake yeye mshauri lilikuwa limevutwa bega moja. Kisha akamuuliza, "Kuna mtu anakusemesha?" Mdogo wangu akainua kichwa. Alisema shangazi anamsemesha kutwa nzima, anamwambia chakula kile si chake, asile. Shangazi yetu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alipoulizwa mbona kwenye fomu alikataa, alishangaa sana. "Niliulizwa sauti. Huyu si sauti, ni shangazi."

Niliona aibu kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Kwa miezi minne nilikuwa nikimgombeza mtu aliyekuwa akisema kweli. Bi Kalamu hakunilaumu, wala hakubishana na shangazi. Alitueleza kwamba huu ni ugonjwa, una dawa na una mazungumzo. Halafu akatuuliza shangazi alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa hai. Tukajikuta tunasimulia wote wawili kwamba alikuwa akilisha watu kwa nguvu, hukutoka kwake bila kushiba. Mdogo wangu akasema basi huyu anayemnyima chakula hamjui shangazi vizuri. Siku hiyo alikula nusu sahani.

Kufuli nilimkabidhi Bi Kalamu kabla sijatoka. Ndilo linalofunga kabati la sukari hadi leo, na waliowahi kulijaribu wanajijua.

Sasa swali la saba linasomeka "Kuna mtu anakusemesha?" na kila chumba kina viti vitatu. Vitengo vingine viwili vimeomba nakala ya mwongozo wetu. Ukimpongeza kwa hilo atakuambia kampongeze mlinzi.

Nilipotakiwa kuandika wasifu huu nilimpitia mdogo wangu kwenye duka lake la ushonaji, ambako sasa ana mafundi wawili chini yake. Bado anameza dawa zake. Shangazi huja siku za uchovu, naye humwambia asubiri kwanza amalize pindo. Nilimuuliza niandike nini kwa ajili ya Mshauri, ambaye wanawe wamehamia mbali, na nyumba yake sasa itakuwa kimya. Hakuinua macho kwenye cherehani. "Mwambie asikae ndani peke yake bila mtu wa kumsemesha. Kiti chake kipo hapa."

Bi Kalamu, asante kwa subira yako, kwa wino wote ulioumaliza, na kwa kunifunga mdomo siku ile. Wenzako wote tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana na kalamu isiyopotea. Kiti kipo kushoto kwa cherehani. Jumatatu asubuhi unangojwa.