Delfina Arvizu, Aliyesomea Ujasusi Baada ya Kutimiza Miaka Hamsini

Padre, ndugu na majirani mliojaa hapa kanisani San Ciriaco, familia imenituma niwasomee njia aliyopita mama yetu, Delfina Arvizu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa kusini mwa Arizona, mtoto wa kwanza wa mzee Anselmo Quijada, mchimba shaba, na mama Refugio, alianza shule mwaka 1964, akaacha sekondari mwaka 1974 mama yake alipougua, akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Mwaka 1977 aliajiriwa jikoni katika shule ya msingi, na tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Ramiro Arvizu, fundi wa magari katika kambi ya jeshi, wakajaliwa watoto wawili, Ofelia na mimi Abelardo, wakaishi pamoja hadi Ramiro alipotutoka mwaka 2008.

Baada ya msiba huo alimalizia cheti cha sekondari, na Agosti 2010 akaingia chuo cha jamii cha mji wetu kusomea uchambuzi wa taarifa za ujasusi, katika darasa lililojaa vijana waliotoka jeshini. Dada yake Ernestina, ambaye tunaye hapa, alimcheka, "Umri huo, Delfina, utampeleleza nani, paka wa jirani?" naye akamjibu, "Nitaanza na wewe." Muhula wa kwanza alifeli takwimu, akalia garini kwenye maegesho ya chuo, kisha akajifuta uso na kwenda kujiandikisha upya, na tarehe 11 Mei 2013 alivaa joho, ukoo mzima tukiwa tumesimama.

Mwaka huohuo aliajiriwa mchambuzi katika ofisi ya usalama. Oktoba 2016 zilifika taarifa tatu kwamba familia moja inaficha silaha nyumbani, askari wakawa wameshavaa fulana za kuzuia risasi, mkuu akimsubiri athibitishe tu, lakini marehemu alipofuatilia aligundua kuwa mtoa habari wa pili na wa tatu walizisikia kwa yule wa kwanza, aliyekuwa na ugomvi wa uzio na familia hiyo. Akasimama mlangoni.

"Bosi, hizi si taarifa tatu, ni mdomo mmoja umezungushwa. Ukiwatuma hawa vijana, ujue nilikukataza."

Mkuu alimtishia kumfukuza kazi, ila askari hakuwatuma, na uchunguzi uliofuata haukukuta bunduki hata moja, bali bibi kiziwi ambaye asingesikia amri ya kufungua mlango. Radhi mkuu hakuomba, lakini tangu siku hiyo hakutuma mtu kabla ya kumuuliza Delfina.

Kuanzia 2018 alifundisha jioni katika chuo kilekile, na wanafunzi wake ndio mliowaona wamebeba jeneza.

Aprili 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akamuuliza daktari ana uhakika kiasi gani, akajibiwa bila kuzungushwa, akashukuru, na tarehe 9 Februari 2024 alifariki nyumbani, Ofelia akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta tamale za unga wa mahindi hadi friji ikakataa kufungwa, wafanyakazi wenzake, na chuo kilichompokea.

Mama, ulisema ulichokijua na ukakiri usichokijua, sasa kazi imekwisha, pumzika, amani iwe nawe.