Mama Pima Anaziaga Betri Zetu

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, fundi umeme wa kituo chetu cha afya anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, sote tunamwita Mama Pima. Ukimwambia taa imeungua, anakuuliza kama umepima. Ukimwambia betri imekufa, swali ni lilelile. Wagonjwa wageni wamewahi kupanga foleni mlangoni kwake wakidhani ndiye wa presha, naye akawaelekeza bila kucheka, angalau mbele yao.

Alianza na jenereta lililokohoa kuliko wagonjwa. Sola zilipoingia, alikwenda kozi, akarudi, akavaa ovaroli na kupanda juu ya paa. Ni yeye aliyefunga taa za wodi ya wazazi, na tangu hapo wakunga wetu wameacha kuzalisha kwa tochi. Kwa ukali pia hajambo. Mhasibu aliwahi kuchomeka birika la chai kwenye laini ya friji ya chanjo, na mpaka leo akimwona Mama Pima anapitia mlango wa nyuma.

Kisa kikubwa ni cha mwaka juzi. Mama Pima alikuwa likizo, amekwenda kukaa na binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Huku nyuma dereva wetu wa ambulansi, mtu wa usafi kupita kiasi, akaona vichwa vya betri ya friji ya chanjo vimeota kutu. Akafungua nyaya zote, akasugua, akarudisha. Kesho yake kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuilisha betri, ikagoma. Jua lilikuwa kali, lakini betri haikupata kitu. Tukabadilisha fyuzi, tukafuta paneli, mwisho tukakubaliana kwamba betri ndiyo imekufa. Chanjo zilikuwa zimebakiza saa chache kuharibika, na kina mama walikuwa waje na watoto asubuhi. Muuguzi wa chanjo akampigia simu Mama Pima huku analia.

Alikuja na basi la kwanza. Akapima betri, akaikuta nzima ila ina njaa. Akapima nyaya za paneli, umeme ulikuwa unafika. Ndipo akamuuliza dereva alianza kufunga waya gani. Dereva akajibu kwa kujiamini kwamba alianza na za paneli. Kumbe kontrola yetu lazima ionane na betri kwanza ili ijue ni ya volti ngapi. Ikitangulia paneli inakisia, na siku hiyo ilikisia betri yenye volti mara mbili ya yetu, ikawa inaikataa iliyopo. Mama Pima akafungua nyaya za paneli, kisha za betri, akasubiri kidogo, akaanza upya na betri. Taa ya kijani ikawaka. Dereva akaomba aachiwe gari lake tu.

Watoto walichanjwa wote. Lakini Mama Pima aliporudi kwa binti yake, mjukuu alikuwa ameshazaliwa na ameshavishwa nguo. Hakutulaumu hata siku moja. Ni binti yake aliyetuambia baadaye kwamba mama alilia, na maneno hayo yalituuma sana.

Tangu hapo amemfundisha dereva, kwa subira ambayo mhasibu hajawahi kuionja. Wiki iliyopita tulibadilisha betri ya friji. Dereva aliifunga peke yake, na Mama Pima alikaa kwenye kiti, mikono mapajani.

Mama yetu, ahsante kwa mwanga, na kwa kila ulichokiacha nyumbani ukaja kwetu. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Binti yako anatarajia mtoto wa pili mwezi ujao. Nenda ukampokee. Safari hii hatutapiga simu.