Hermenegildi Marselino na Jibu Lililochelewa Siku Moja

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dionisi, mvuvi, mdogo wake marehemu. Nitasoma kama nilivyoandika.

Marehemu Hermenegildi Marselino alizaliwa kijiji cha Mbingu tarehe 13 Aprili 1906, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Marselino na mama Justa. Alisoma shule ya misheni Kwiro, 1920 hadi 1926. Safari ya huko alikwenda kwa miguu, viatu kavishika mkononi ili visichakae.

Mwaka 1929 aliajiriwa kuwa karani wa baraza la wenyeji hapa Ifakara. Tarehe 8 Novemba 1932 alifunga ndoa na Yosefina, wakajaliwa watoto watano. Mmoja alitangulia.

Agosti 1954 ilikuja kamati ya baraza la kutunga sheria kutoka Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imeandika kanuni za kukataza migono, mitego yetu ya samaki, na kamati ilitakiwa kutusikiliza kabla hazijapitishwa. Marehemu alituita kutoka madago, kambi zetu za uvuvi. Wageni aliwatandikia vitanda, na mkutanoni yeye ndiye aliyetafsiri. Mwenyekiti aliuliza mara tatu kama kuna pingamizi. Nilipoanza kuinuka, kaka alinivuta shati.

"Kaa, Dionisi. Neno la mgeni hulaliwa. Tutajibu kesho."

Ndivyo tulivyolelewa: neno zito husikilizwa kwa adabu, watu huenda kulala nalo, asubuhi hujibiwa. Tukanyamaza wote. Saa nane mchana gari la kamati likaondoka, vitanda havijalaliwa. Kesho yake wazee thelathini na wawili walifika na majibu yao, wakakuta viti vitupu. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba watu wa Ifakara hawana pingamizi.

Nilimkasirikia kaka karibu miaka miwili, na ninalisema hilo mbele ya jeneza lake. Aliandika barua kumi na moja kwenda Dar es Salaam. Ilijibiwa moja tu: kamati imemaliza kazi, kanuni zimepita. Machi 1956 askari walichoma migono yangu yote. Marehemu alisimama pale mpaka majivu yakapoa. Tangu siku hiyo sikuweza tena kumkasirikia.

Januari mwaka huu tumbo lilianza kumvimba. Alilazwa hospitali, akarudishwa nyumbani. Jumatatu aliniuliza, "Wamerudi?" Nikajua anaowaulizia. Nikamwambia bado. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 14 Mei 1957, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Yosefina, watoto wanne, Raimundi, Emerensiana, Viktor na Rosa, wajukuu sita, na mimi, ambaye sasa ninalima mpunga, kazi nisiyoijua.

Mungu ampe pumziko ambalo barua zake hazikumpa. Leo nimesimama, nimesema yote mpaka mwisho, na hakuna aliyenivuta shati.