Mzee Komeo, Diwani Aliyejifungia Ndani

Ndugu, jamaa na majirani, mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mwashi na muuza mboga. Inasimuliwa kwamba alilia kwa sauti kubwa hadi mkunga akasema huyu atakuwa mwanasiasa au dalali wa mnada.

Alianza shule mwaka 1956. Maswali ya kweli au si kweli aliyafagia yote. Insha zilimtoa jasho, kwa kuwa hakuona kwa nini jambo moja lihitaji kurasa mbili. Mwaka 1965 aliingia karakana ya mjomba wake, akawa seremala wa kutegemewa.

Mwaka 1984 alichaguliwa kuwa diwani, na hapa tusimung'unye maneno. Kwake watu walikuwa wa aina mbili tu: wetu, na maadui wa maendeleo. Ukiuliza swali, umeshahamia upande wa pili. Vikao vyake vilikuwa vya siri, na ili neno lisivuje alitengeneza kwa mikono yake mlango wa mbao nzito, wenye komeo na kitasa cha ndani.

Siku kamati ilipokaa kuamua soko lihamie wapi, kitasa kiligoma. Diwani na wajumbe wake wakakwama ndani kwenye joto kali, na vifaa vyake vyote viko karakana, ng'ambo ya barabara. Aliyetokea kwenye dirisha la nondo ni mwanadada fundi cherehani, kinara wa wale "maadui", ambaye kibanda chake sokoni ndicho kilichowalisha wadogo zake. Alikuwa ameshaleta bisibisi.

"Shika, Mheshimiwa," alimwambia akiipitisha. "Ila na sisi tuambieni, mnatupeleka wapi?"

Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwa diwani, angeweza kunyamaza. Akakitaja kiwanja cha bondeni. Wachuuzi waliokusanyika nje ya dirisha wakamwambia kule mvua ikinyesha ni ziwa. Akamgeukia katibu, rafiki yake tangu utotoni, amtetee. Katibu akainamisha kichwa.

"Wanasema kweli. Nilijua, ila ningesema, ningekuwa adui."

Marehemu aliona aibu, na hakuificha. Aling'oa mlango mzima, akawakaribisha wote ndani, na soko likabaki pale lilipo. Tangu hapo wakamwita Komeo, naye akaitika huku akicheka.

Mlango ule aliugeuza meza ya kukatia vitambaa, akampelekea fundi cherehani kumwomba radhi. Kisha akawa anapita kila mara kuangalia kama meza imekaa sawa. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986. Mkewe hakuwahi kumpigia kura hata mara moja, na mzee alilitangaza hilo kwa majivuno.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Sisi wa nyumbani tulitaka kusema ni uchovu tu. Yeye akaenda sokoni kuwaambia watu mwenyewe. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mkewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana, lakini tumecheka naye kiasi cha kututosha.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wapinzani wake wa kisiasa, na wajukuu. Aliagiza wapinzani wasomwe katikati ya ndugu, si baada yao. Basi tunawaomba wasogee mbele, wakae nasi wafiwa, wapokee pole.

Mzee wetu, pumziko lako liwe la amani.